Habari Niliyoisoma Mstarini

Jumatatu, 2 Septemba

Leo Mwalimu Khairiya amenichagua niwe msomaji wa habari wa skuli mpaka mwisho wa muhula. Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya dua na kabla ya matangazo ya Mwalimu Mkuu, nitasimama mbele ya mstari na kusoma habari tano: mbili za kisiwani, mbili za nchi, moja ya dunia. Amenipa daftari jipya na ameandika mwenyewe katika ukurasa wa kwanza: Nani? Nini? Wapi? Lini? Nani kasema?

"La mwisho ndilo linalosahauliwa, Naseem," kaniambia. "Habari isiyo na aliyeisema ni uvumi uliovaa kanzu."

Redio ninayo. Iko dukani kwa Baba, juu ya rafu ya sabuni, na tangu nizaliwe haizimwi ila umeme ukikatika. Taarifa ya asubuhi huanza saa kumi na mbili na nusu, Baba anapofungua milango na Bibi Hawabai, mamaake Baba, anapomaliza uradi wake huko nyuma. Nitasimama kwenye kaunta na kuandika.

Yumna anasema nitakuja kuwa mtangazaji wa kweli. Tumekaa dawati moja tangu darasa la pili. Nilimwambia mtangazaji lazima awe na sauti.

"Sauti unayo," kasema. "Hujaitumia tu."

Alhamisi, 5 Septemba

Nimesoma. Meli imechelewa kwa upepo. Vuli inatarajiwa kuwahi. Vita vya mbali, na idadi ya watoto waliokufa. Nilitetemeka mpaka habari ya tatu. Usama wa kidato cha nne alipiga makofi peke yake, kwa kejeli.

Jumanne, 10 Septemba

Karafuu zimeiva. Mtambile yetu nzima inanukia, na mabega ya barabara yametandikwa majamvi ya kuanikia mpaka gari hazina pa kupishana.

Jioni Mzee Jaribu, mwenye shamba la mikarafuu nyuma ya msikiti, alikuwa kwenye baraza ya duka letu akinywa chai. Ami Bakar, babaake Yumna, akapita na kamba yake begani.

"Bakar, una kazi weye?"

"Kazi nitoe wapi, na mwenye mikarafuu ndiye weye?"

"Basi kesho njoo. Anza na ile mirefu ya juu, vijana wanaiogopa."

"Vijana wa siku hizi wanapanda kwa simu," Ami Bakar akasema, na watu wakacheka.

Baba akammiminia chai na akasema, "Jaribu, umepata mchumaji. Huyu ndiye wa mwisho anayejua kupanda." Wale wawili wakapeana mikono. Ndivyo watu wanavyopeana kazi hapa msimu wa karafuu: mkono na chai, karatasi hakuna. Mimi nilikuwa napima mchele, na nilisikia kila neno. Kesho nitamhadithia Yumna lile la simu, atacheka mpaka atolewe darasani.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeshinda kwa kina Yumna tukichambua karafuu, kutenga na vikonyo vyake. Bi Mwanawema, mamaake, ana mkono mwepesi kuliko sote, na nyumba saba zinamletea karafuu zao awachambulie. Nimerudi na vidole vyeusi. Bibi kaninusa na kuniambia leo mjukuu wake wa Kihindi nimekuwa Mpemba.

Nilimwambia nimekuwa Mpemba tangu nizaliwe. Na yeye pia, na mamaake pia. Kasema nikaoge.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilisoma habari, tukaingia darasani, na saa nne Yumna akaitwa nje. Ami Bakar yuko hospitali. Tawi la mkarafuu limevunjika naye akiwa juu yake. Mguu, na uti wa mgongo. Wanasema mkarafuu hauna huruma kama mti mwingine. Hauinami kwanza, unakatika tu.

Yumna aliacha begi lake. Nimempelekea.

Jumatatu, 23 Septemba

Nataka kuandika kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

Nani: mimi. Nini: nimesoma habari. Wapi: mstarini. Lini: leo, saa moja na nusu asubuhi.

Habari ya pili niliinakili neno kwa neno kutoka redio ya hapa kisiwani: "Mtu mmoja amelazwa hospitali baada ya kuanguka kutoka juu ya mkarafuu alipokuwa akichuma karafuu bila ya ruhusa katika shamba lisilo lake, mkoa wa Kusini Pemba. Mwenye shamba amewataka wananchi waache tabia ya wizi wa karafuu."

Jina halikutajwa, wala kijiji. Mimi sikufikiri hata kidogo kwamba ni Ami Bakar. Ningefikirije? Ami Bakar alipewa kazi mbele yangu. Nilidhani ni mtu mwengine, shamba jengine, na nikaona hata ni ajabu kwamba wiki moja imeangusha wawili.

Na niliisoma vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa mara ya kwanza sauti yangu haikutetemeka. Nilipofika "wizi wa karafuu" nilipunguza mwendo, kwa kuwa Mwalimu Khairiya anasema neno zito lipewe uzito wake. Nikaona vichwa vya darasa letu, kidato cha tatu, vinageuka vyote upande mmoja. Walikuwa wanamtazama Yumna. Yumna alikuwa ananitazama mimi.

Darasani nilimkuta amehamia dawati la nyuma.

"Wallahi sikujua kama ni yeye," nikamwambia.

"Hukujua vipi? Si ulikuwepo? Si ulinihadithia mwenyewe?"

"Ndiyo maana sikujua, Yumna. Nilijua yeye hakuiba."

"Basi wenzio hawakujua hilo. Wao wamejua ulilowasomea."

Nikarudi kwenye dawati letu, peke yangu. Katika daftari, mbele ya "Nani kasema?" niliandika "Redio." Nilidhani redio ni mtu.

Jumanne, 24 Septemba

Nimejua nani kasema. Baba kaniambia bila ya kukusudia, akilalamika kuhusu chupa ya soda ambayo haikurudishwa. Jumamosi alikuja mtu wa redio, akakaa barazani kwetu, akanywa soda, akamuuliza Mzee Jaribu peke yake. Mzee Jaribu kamwambia, "Mie sikumtuma mtu shambani kwangu." Akikubali kwamba alimtuma, mgonjwa anakuwa wake: wa kumuuguza, wa kumtazamia nyumba yake. Akikataa, mgonjwa ni mwizi.

"Baba, wewe ulisikia siku ile," nikasema.

"Dukani nasikia mengi."

"Ulimmiminia chai. Ulisema ndiye wa mwisho anayejua kupanda."

"Nakumbuka nilichosema."

"Basi kiseme tena."

Baba akachukua kitambaa akafuta mizani, ambayo ilikuwa safi. "Jaribu ananunua hapa, Bakar ananunua hapa. Nikimpa haki mmoja, nimemfukuza mwenziwe."

"Lakini mmoja ndiye mkweli."

"Na wote ni jirani. Sie hatumo, Naseem."

Bibi Hawabai alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, kila kitu anasikia. "Mwenye duka ana masikio mawili na hana mdomo," akasema. "Ndivyo tulivyobaki hapa. Mwaka ule wa mapinduzi wenzetu wengi waliondoka. Babu yako alibaki kwa sababu hakuwahi kusema neno la mtu."

Nilikuwa nikijivunia kwamba babu alibaki.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimesoma. Wataalamu wamepiga picha ya nyota iliyokwisha kufa zamani. Mwangaza wake ndio kwanza unatufikia. Watoto wa kidato cha kwanza walifurahi. Yumna hakuja skuli.

Jumatatu, 30 Septemba

Yumna kaja. Kwenye mfereji, tukiteka maji, wasichana wakamwambia, "Ficha mikoba, binti wa ngoeko huyo." Ngoeko ni ile fimbo ya kuvutia matawi, na sasa wamelifanya jina la mwizi. Nilikuwa nyuma yao. Nilisema "Muacheni," lakini kwa ile sauti yangu ya zamani, na hawakugeuka.

Ijumaa, 4 Oktoba

Ami Bakar karudishwa nyumbani. Baba kanipa kilo mbili za sukari na majani ya chai niwapelekee, kazifunga vizuri na karatasi, kazungusha uzi mara tatu. "Usiseme kitu. Toa tu."

Uani kwa Bi Mwanawema hakukuwa na jamvi hata moja. Nyumba saba zote zimepeleka karafuu kwa mtu mwengine. Hakuna aliyemwambia sababu. Mmoja kasema mwaka huu atachambua mwenyewe, na Bi Mwanawema kamwona anapita na pakacha zake kwenda nyumba ya tatu.

Ami Bakar alikuwa amelazwa chini, mlango wazi, mguu ndani ya plasta.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho?"

"Sukari. Kaleta Baba."

"Kaleta Babaako, au umeleta weye?"

Nikautazama uzi wa Baba. Akainua mkono akanionesha niweke dirishani. "Kamwambie Saifuddin ahsante. Mwambie sukari kwetu imo. Neno lake ndilo halimo."

Sikumwambia Baba. Nilisema wanashukuru.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimewaandikia redio. Si ujumbe wa simu. Simu ni ya Baba, na jambo zito huandikwa. Niliandika nusu ukurasa: kwamba habari ile haikuwa sahihi, kwamba mtu yule alipewa kazi na mwenye shamba mbele ya watu, kwamba mmoja wa watu hao ni mimi, na kwamba ninawaomba waisahihishe, kwa sababu familia yake imeachwa na kila mtu na mwanawe anataka kuacha skuli.

Hilo la mwisho Yumna hakuniambia mimi. Kamwambia Mwalimu Khairiya.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemwonesha Mwalimu Khairiya barua. Kaisoma mara mbili na macho yake yakawa mekundu. Halafu kachukua kalamu.

"Umeingia bila ya hodi, Naseem. Hawa ni wakubwa zako. Salamu ziko wapi?"

Tukaandika upya pamoja. Sasa barua ina ukurasa mzima wa salamu: kwa mkuu wa kituo, kwa watangazaji wote, kwa mafundi wa mitambo, kwa wasikilizaji popote walipo, pamoja na dua ya afya na mvua ya kheri. Jambo lenyewe limeanza ukurasa wa pili, baada ya "Ama baada ya salamu." Niliona ni barua nzuri. Mwalimu ataipeleka kwa mkono Jumamosi akienda mjini Chake, kilipo kituo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Barua imefika. Kapokea msichana wa mapokezi, katabasamu. Nasikiliza kila taarifa.

Jumatano, 16 Oktoba

Hawajasema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hawajasema. Nimesoma habari ya waziri aliyefungua semina. Mvua imenyesha wakati watu wameanika. Mtambile nzima ilikimbia na majamvi, na Mzee Jaribu akapiga kelele apate msaada. Watu wakamsaidia. Na Baba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hawajasema. Sukari tena. Bi Mwanawema kaipokea mlangoni.

Jumatano, 23 Oktoba

Alasiri nilikuwa napanga vibiriti. Redioni kilikuwa kipindi cha salamu, ambacho siku zote sikisikilizi. Mtangazaji akasema: "Sasa tuna barua kutoka kwa msikilizaji wetu Naseem Saifuddin wa Mtambile, mwanafunzi, na mwandiko wake mzuri ajabu."

Niliangusha vibiriti. Nikamwita Baba. Bibi akatoka nyuma ya pazia. Hata Mzee Jaribu, barazani, akaweka kikombe chini, na nikaona rangi yake imebadilika. Nilifurahi kuiona. Ndiyo, niliifurahia.

Mtangazaji akasoma. Akamsalimia mkuu wa kituo, akajisalimia mwenyewe, akacheka, akawasalimia mafundi wa mitambo na wasikilizaji popote walipo, akaomba afya na mvua ya kheri. Akasema "Ama baada ya salamu." Nilisikia karatasi inageuzwa. Kisha akasema, "Na mengi mengine mazuri kaandika mwanetu huyu. Ahsante sana, Naseem, usituache." Wakapiga taarabu.

Mzee Jaribu akachukua kikombe chake. "Mashaallah, Saifu. Mwanao keshakuwa mashuhuri."

Bibi alikuwa anatabasamu. Hakuelewa. Baba kaelewa, kwa sababu aliinama akaokota vibiriti vyangu kimoja kimoja, na hakuniangalia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mstarini wamenipigia makofi. Mwalimu Mkuu kasema nimeitangaza skuli. Watu tisa wameniambia, "Nimekusikia redioni." Mwalimu Khairiya kaniambia tuwe na subira, pengine wanaihifadhi kwa taarifa ya habari. Nilimpenda sana mwalimu huyu. Bado nampenda, ila leo nimeona kwamba amenifundisha kuandika barua ambayo mtu anaweza kuisoma mbele ya watu bila ya watu hao kuambiwa kitu.

Yumna hakusema kama alisikia. Alikuja akaweka kitabu changu cha Jiografia juu ya dawati, kile alichoazima tangu Agosti.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimesoma. Nchi moja wamehesabu kura. Nchi nyengine wamehesabu maiti. Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Dawati la nyuma tupu.

Jumatatu, 11 Novemba

Yumna kaondoka. Kapelekwa kisiwani Makoongwe kwa mamaake mdogo, kumsaidia kuanika dagaa, kwa kuwa hapa hakuna anayewapa kazi na Ami Bakar hawezi kukaa kitako. Nilimkimbilia kituoni. Alikuwa na lile begi lake la skuli, limejaa nguo.

"Utarudi Januari?"

"Nirudi nifanye nini? Nikae pale, siku ya habari nigeuziwe vichwa?"

"Nitaisahihisha."

"Umeshaandika, Naseem. Tumesikia salamu." Halafu akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi: "Redio iko Chake. Mie sikuisikia redioni. Niliisikia kwako."

Gari likaja. Akanipa mkono kama mtu mzima.

Jumatano, 20 Novemba

Mzee Jaribu kamaliza kuvuna. Kachinja mbuzi, kaalika watu. Baba kaenda. Karudi na sahani ya pilau imefunikwa, kwa ajili yangu na Bibi. Bibi kala.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo nilimuuliza Baba mara ya mwisho. Duka lilikuwa halina mtu.

"Jumatatu ni siku yangu ya mwisho kusoma habari. Nataka kusoma kweli ya Ami Bakar. Nikiulizwa nani kasema, naweza kukutaja?"

Alipanga upya mawe ya mizani. Redio ilikuwa inasema bei ya saruji.

"Usinitaje," akasema.

"Naweza kujitaja mwenyewe?"

Hakusema ndiyo. Hakusema la pia. Alipunguza redio, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya, kama mtu anayetaka kusikia kitu, kisha akaiongeza tena. Ni mtu mwema Baba. Nimeliandika hilo ili nisilisahau, kwa sababu wiki hizi inakuwa tabu kulikumbuka.

Jumatatu, 2 Disemba

Habari zilikuwa tano. Nilisoma nne. Ya tano nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya peke yake ndani ya daftari, nayo haikuwa na salamu:

"Tarehe 23 Septemba nilisoma hapa kwamba mtu mmoja alianguka mkarafuu akiiba karafuu. Habari hiyo haikuwa kweli. Mtu huyo ni Bakar wa hapa Mtambile. Alipewa kazi na mwenye shamba, Mzee Jaribu, jioni ya tarehe 10 Septemba, wakapeana mikono. Alianguka akiwa kazini. Nani kasema: mimi, Naseem Saifuddin. Nilikuwepo, nilisikia."

Sikutetemeka. Vichwa havikugeuka, kwa sababu hapakuwa na wa kumgeukia.

Mwalimu Mkuu alikuja mbele na kuninyang'anya daftari. "Hii imetoka redio gani?"

"Haikutoka redioni, Mwalimu."

"Basi si habari. Hapa hatuleti ugomvi wa vijijini." Akasema mwakani msomaji atakuwa mwengine. Usama hakupiga makofi. Mwalimu Khairiya alikuwa anatazama chini, na baadaye kwenye ukumbi kanishika bega: "Ungenishauri kwanza, mwanangu."

Ningekushauri, ungeniongezea salamu. Sikulisema. Nimeliandika hapa tu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Baraza ilikuwa tupu. Baba alikuwa anapima unga.

"Leo Jaribu hakuja kunywa chai," akasema. Sijui kama kanilaumu au kaniarifu. Bibi alikuwa nyuma ya pazia na hakutoka.

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Mwalimu Mkuu alichukua daftari tu. Nikaenda nayo kwa Ami Bakar, bila ya sukari. Sasa wanamkalisha na mito miwili. Bi Mwanawema akaegemea mlango. Nikasoma.

Ami Bakar akasikiliza na macho yamefungwa. Nilipomaliza akasema, "Hapo umekosea."

"Wapi, Ami?"

"Sikuanguka. Miaka thalathini napanda, sijaanguka. Tawi lilivunjika, nami nilikuwa juu yake. Lilikuwa limeoza ndani, na Jaribu alijua; ndiyo maana vijana wake walikataa mti ule. Andika hivyo."

Nikapiga magoti nikakata "alianguka" na kuandika maneno yake, pembeni, kwa herufi ndogo ili yaenee. Nilikuwa nimeibeba habari hii msimu mzima, nikidhani kazi ni kuitangaza tu, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza mwenyewe.

"Sasa soma tena," akasema. "Kwa ile sauti ya skuli. Mwanawema, fungua dirisha."

Dirisha lake linatazama ua wa jirani. Wanawake sita walikuwa wamekaa huko wanachambua karafuu za mwisho za msimu. Nilisimama dirishani nikasoma kutoka mwanzo mpaka kwenye jina langu, taratibu, kila neno zito kwa uzito wake.

Mikono yao ikasimama. Nilipokunja karatasi, mmoja akavuta pakacha karibu yake, na wote wakaendelea kuchambua.